Lenzi ya difraksheni mbele ya jua la Ziwa Victoria
Lenzi hii ya kamera ya milimita 300, inayopinda mwanga kwa mifereji midogo (difraksheni), niliyoinunua kwa ajili ya kupiga picha za ndege wa Kisiwa cha Saanane, Mwanza, ni nyepesi kiasi kwamba mkono hauchoki hata mtumbwi unapoyumba. Jua likiwa mgongoni, manyoya ya mnandi huhesabika. Kasoro hujitokeza jioni: jua likiingia kwenye picha, huzungukwa na pete za rangi, na weusi wa Jiwe la Bismarck, mwamba ulio ziwani Mwanza, huwa kijivu. Ufanisi wa difraksheni, yaani sehemu ya mwanga ambayo mifereji midogo ya lenzi huifikisha kwenye fokasi (pale miale inapokutana), haulingani kwa rangi zote. Mwanga unaobaki husambaa kama ukungu na kupunguza tofauti kati ya weusi na weupe wa picha, na programu ya kompyuta huurekebisha nusunusu tu. Kwa ndege ningeinunua tena. Kwa machweo natumia lenzi yangu ya zamani, nzito kama jiwe.