TAHADHARI: Fundi bodi wa Tabata anayeziba kutu ya Beetle kwa fila na lami

Wakuu, nina hasira na naandika hivyo hivyo. Kama una Volkswagen Beetle, Peugeot 504 au gari lolote la zamani ambalo bati lake limeoza kwenye kitako cha betri, na mtu akakuelekeza kwa mzee mmoja mwenye mvi huko Tabata, ovaroli ya bluu, miwani imefungwa uzi, usimpe hata mia. Mimi kanipiga 450,000. Jina lake silitaji hapa, anayelihitaji aje inboksi.

Gari ni lile lile Beetle la marehemu baba yangu, mnalijua, na mnajua kwa nini siliuzi, kwa hiyo mjadala huo tuuache.

Kabla hamjaanza kunicheka, nisikilizeni. Yule mtu kazi anaijua. Ndicho kinachoniuma. Nilipofika sikumweleza shida, nilisema tu, "Shikamoo mzee, nina tatizo la sakafu." Akaitikia marahaba, akafungua mlango wa kulia, akang'oa kiti cha nyuma mwenyewe, bila kuuliza betri iko wapi, maana kwenye Beetle inakaa chini ya kiti hicho. Mafundi wa siku hizi ukiwapa Beetle wanaanza na boneti ya mbele, wanakuta tairi ya akiba na tangi la mafuta, wanabaki wameduwaa. Huyu akachukua bisibisi, akaisukuma pembeni ya betri, ikazama kama imeingia kwenye ugali. Nikainama kuchungulia chini ya gari, nikaiona ncha imetokeza upande wa pili.

Akaniambia, "Mwanangu, hii siyo kutu ya mvua, hii ni asidi." Kwamba betri ikichajiwa inatoa mvuke, matone yanashuka kwenye bati, rangi inabanduka, halafu unyevu na chumvi ya hapa Dar vinamalizia kazi. Kweli tupu. Akasema bati lililooza likatwe lote mpaka ufike kwenye chuma kizima, panapobaki paoshwe kwa maji ya magadi mpaka povu likome, ndipo ichomelewe pleti mpya, ipigwe praima, viungo vizibwe, rangi iwe ya mwisho. Hata kifuniko cha betri alikikumbuka. Akasema kisikosekane, maana springi za kiti zikigusa vichwa vya betri zinapiga shoti, na viti vya Beetle za zamani vimejazwa nyuzi za makumbi, vinashika moto chap. Sasa mtu akishakwambia yote hayo, unamtilia shaka ya nini? Mbona hata ninyi mngemwachia ufunguo.

Nikatuma nusu kwa simu, nikaliacha gari.

Jioni ya kulichukua ndiyo inayonirudia kila nikilala. Alikuwa amelisafisha mpaka vioo. Akanyanyua kiti kwa madaha, na pale chini sakafu nyeusi tii, inang'aa, huwezi kuona panapoanzia kiraka. Nikanyoosha mkono nigonge. Akanidaka kifundo cha mkono, taratibu, akasema, "Usiguse mwanangu, lami haijakauka, utaacha alama za vidole." Nikaurudisha mkono. Mtu mzima mimi, na gari ni langu! Halafu akamwita kijana wake alete mfuko wa sandarusi, wakamwaga vipande vya bati lenye kutu mbele yangu. "Huyu ndiye mchawi aliyekuwa analila gari lako." Nikacheka. Nikapiga na picha. Nikamalizia hela palepale nimesimama, na kijana nikampa ya soda. Ya soda!

Yaliyofuata wengine mmeshayasikia kwa shangazi mwenyewe. Tunakwenda kwenye sendofu, yeye yuko nyuma na gauni lake la kitenge. Kwenye tuta pale Shekilango nikasikia kishindo chini, kisha kitu kinakwaruza barabara. Shangazi anauliza, "We mtoto, mbona kuna moshi huku?" Shangazi mnamjua umbo lake, na Beetle ina milango miwili, aliye nyuma hatoki mpaka kiti cha mbele kikunjwe. Sijui alipitaje. Alitoka, viatu vikabaki ndani. Nilipong'oa kiti nikakuta sakafu imeachia, betri imening'inia barabarani, waya wa chanya umebanwa kwenye ukingo wa bati unatoa cheche. Nikafungua kebo ya hasi mikono inatetemeka. Upande wa chini wa kiti ulikuwa umeshaanza kuungua.

Tukalivuta hadi nyumbani. Kijana mmoja wa mtaani kwetu akaanza kukwangua. Juu lami. Chini ya lami fila, ile pasta ya kuzibia mashimo ya bodi, unene wa kidole. Chini ya fila kitambaa cha faiba. Chini ya faiba, jamani, bati la debe la mafuta ya kula, ua la alizeti bado linaonekana, limebanwa kwa riveti, na riveti zenyewe zimeshikilia kutu ile ile ya zamani. Hakuna mahali palipochomelewa. Magadi hata harufu yake haikufika. Asidi imefunikwa humo humo iendelee kula.

Simu yake haipatikani. Majirani zake pale, mmoja anasema kahamia Mbagala, mwingine anasema yuko Kibaha. RB ya polisi ninayo. Na mimi sitaki kusuluhishwa wala kurudishiwa kidogo kidogo. Nataka afungwe. Na akifungwa apewe bati la debe lake, aliwekee riveti, akalishwe juu yake na betri mapajani, apitishwe matuta yote kuanzia Ubungo mpaka Mwenge. Mzee mzima, mvi kichwa kizima, unapokea shikamoo ya mtu huku unamtegea moto chini ya shangazi yake! Zile shikamoo zote nazitaka zirudi.

Mnaniuliza dalili. Zilikuwepo, ila ziangalieni ninyi ambao bado hamjatoa hela. Pale kwake sikuona mtungi wa gesi wala mashine ya kuchomelea, alisema welda yuko Keko anakuja usiku. Zulia halikutolewa, na hakuna anayechomelea sakafu na zulia likiwa juu yake. Ile picha ya vipande nimeikuza jana: kimoja kina rangi nyeupe. Gari langu ni la bluu, na sakafu ya Beetle inatoka kiwandani nyeusi. Nyeupe ya nani? Kupima, sumaku ya spika mbovu inatosha, fila nene haishiki sumaku. Na ingia uvunguni, juu walipaka lami, chini hawakujisumbua. Akikwambia usiguse, gusa. Mengine sikumbuki, hasira imenijaa.

Kijana ameshakata mpaka kwenye chuma kizima na ameosha kwa magadi, yalitoa povu mpaka akasogea nyuma. Mwenye kipande cha nyuma cha sakafu upande wa kulia, cha Beetle ya 1968, hata cha kukata kwenye gari lililokufa, aniambie bei. Tukikosa tutakunja pleti wenyewe. Na wewe uliyenielekeza kwa yule mzee, unajijua, pokea simu.