Majani matano ya ua la Usambara, elfu kumi na tano

Nyota nimempa muuzaji wa majani haya ya kuoteshea tatu kati ya tano: moja kaikosa kwa mfuko wa plastiki, ya pili kwa maelekezo.

Ni yale maua madogo ya zambarau yanayopangwa madirishani Ulaya. Jina lake la kitaalamu la zamani, Saintpaulia, limetokana na Mjerumani aliyekuwa mkuu wa wilaya Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyempelekea baba yake ua hili huko Ujerumani mwaka 1892. Ua la hapo ng'ambo tu, nami niko Wete, Pemba, na nimelijulia kwenye simu!

Muuzaji yuko Tanga. Majani yalivuka kwa boti mpaka Mkoani, yamefungwa kwa pamba iliyolowa maji, mfuko umekazwa fundo, na joto la Februari skwambii. Kufungua, mawili yameshakuwa uji, vikonyo vinateleza mkononi. Nikampigia. "Pole dada, ndiyo safari." Basi.

Maelekezo yake ni ya watu wa milimani: dirishani, penye jua la asubuhi. Amani huko Usambara, kama mita 900 juu ya bahari, sawa. Wete jani la tatu lilibabuka siku moja tu. Mawili yaliyobaki nikayahamishia barazani, jua lisikofika.

Udongo nilitumia unga wa makumbi ya nazi. Jamani, msichukue makumbi yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya usumba wa kamba, yamekunywa chumvi. Yangu yalikuwa makavu ya shamba, nikayasuza kwa maji ya mvua mara tatu. Kikonyo nilikikata mshazari kwa wembe, kikabaki kama pingili ya kidole, nikakichomeka na kukifunika kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako, mdomo wazi ipumue. Maji namimina kwenye sahani ya chini yanyonywe; ukiyamwagia yale majani yenye manyoya, yanatoka madoa.

Baada ya mwezi nikalivuta jani kidogo. Likagoma, limeshika mizizi. Wiki ya kumi vikachomoza vijani kama masikio ya panya, vishada vinne kwenye kikonyo kimoja, na kila kishada ni mche wake. Kwa hiyo majani yenyewe hayana kasoro, mzee anajua kuchagua.

Sasa ni Agosti, miche sita iko kwenye makopo ya maziwa, ua bado. Ukiagiza kwake, ngoja kipupwe, na mwambie autoboe mfuko.