Arpillera ya Chile niliyonunua: kazi ya mkono nyota 5, muuzaji nyota 1

Wiki mbili zilizopita nimepokea arpillera yangu ya kwanza, yaani picha ya viraka vya nguo vilivyoshonewa juu ya gunia, nimeinunua pauni 70 kwa muuzaji wa vitu vya zamani hapa Uingereza. Mi ni fundi nguo kwa hiyo nilianza na mshono. Chini ni gunia kabisa, na jina lenyewe kwa Kispanyola ndo maana yake, juu viraka vya nguo kuukuu, milima ya Andes, jua, halafu vidoli saba vya wanawake vilivyojazwa pamba, nywele za uzi mweusi, kila kimoja hakizidi kidole gumba. Wameshika bango limeandikwa kwa sindano "¿Dónde están?", yaani wako wapi. Pindo lote uzi mwekundu wa sweta na hakuna hata sehemu moja iliyofumuka jamani.

Wanaoulizwa wako wapi ni watu waliokamatwa wasirudi, baada ya Jenerali Pinochet kupindua serikali ya Chile tarehe 11 Septemba 1973. Mwezi uliofuata Wakatoliki, Walutheri, Wamethodisti na Wayahudi wa Chile wakaunda kamati ya kusaidia familia, Baraza la Makanisa Ulimwenguni kule Geneva likachangia. Pinochet akashinikiza mpaka ikafungwa mwisho wa 1975, na askofu wa Kilutheri Helmut Frenz aliyekuwa amesafiri akazuiwa kurudi. Ndo Kardinali Raúl Silva Henríquez akafungua Vicaría de la Solidaridad mwaka 1976, ofisi ya kusaidia hizo familia, hii ikiwa chini ya Kanisa Katoliki lenyewe, pembeni ya kanisa kuu pale Santiago, kuifunga ikawa kazi. Kina mama na wake wa waliopotea wakawa wanashona arpillera, Vicaría inanunua na kuzipitisha nje kimyakimya, huko makanisa na wakimbizi wa Chile wanaziuza na hela inarudi kununua chakula. Nyingi hazina jina la mshonaji maana jina lingemponza. Sisi tuliokua na kanga tunajua kitambaa kinavyoweza kusema jambo ambalo mdomo hauwezi.

Sasa muuzaji. Kaibandika kwa gundi kwenye ubao, kaweka kioo, kaiuza kama pambo la ukutani la Amerika Kusini. Arpillera nyingi za wakati ule zina kimfuko nyuma chenye kikaratasi, mshonaji anaeleza alichoshona, kwa hiyo nikakaa jioni nzima na wembe na mvuke wa birika nikiibandua taratibu. Kimfuko kipo!! Ila karatasi imenywa gundi, wino umesambaa, neno pekee nililoweza kusoma ni "hijo", mtoto wa kiume. Nimemwandikia muuzaji akanirudishia pauni 10, mimi nilitaka hiyo barua.

Ukiona inauzwa nunua, ila kabla hujalipa omba picha ya upande wa nyuma. Yangu nimeitundika kwa vibanio viwili bila fremu, mgeni akija namgeuzia aone na kimfuko.