Hifadhi ya Taifa ya Arusha kwa mpiga picha: Meru asubuhi, Kilimanjaro jioni

Mwenye siku moja tu na kamera atapata milima miwili mikubwa kwa kiingilio kimoja. Bado wengi hutoka na picha zilizofifia, na kosa huwa la saa, si la kamera.

Mlima Meru (mita 4,566) ulibomoka upande wa mashariki, kwa hiyo kreta yake (shimo la volkeno) iko wazi kwa jua la asubuhi. Ingia geti likifunguliwa tu, uwe Maziwa ya Momella kabla ya saa 3. Jua likiwa mgongoni, utaona makorongo kwenye kuta za kreta na kilima cha majivu kilichochongoka katikati. Kuanzia saa 9 alasiri jua linazama nyuma ya mlima na ukuta wote unakuwa giza. Hapo geuka: sasa Kilimanjaro ndio unaomulikwa usoni, mawingu yakiruhusu. Mlima huo uko mbali, kama kilomita 70 kutoka kilele cha Meru, kwa hiyo beba lenzi ya milimita 200 au zaidi. Theluji huwa nyeupe tupu pichani upesi. Punguza mwanga kwa theluthi mbili za stopu (kipimo cha mwanga kwenye kamera). Mchana usijisumbue, maana hewa ya moto juu ya ardhi huitetemesha picha na hakuna lenzi inayotibu hilo.

Kreta ya Ngurdoto iwekwe katikati ya asubuhi, ukungu wa msituni ukishanyanyuka. Kushuka ndani hairuhusiwi. Utapiga kutoka ukingoni, Leitong ikiwa sehemu ya juu kuliko zote. Njiani tazama mbega juu ya miti. Ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi, lenzi itashika mvuke, kwa hiyo zima kiyoyozi mapema.

Udhaifu wa hifadhi kwa mpiga picha ni huu: unashuka garini sehemu zilizoruhusiwa tu, na kutembea ni pamoja na askari mwenye silaha, kwa sababu nyati ni wengi. Stendi ya miguu mitatu hukaa bure muda mrefu. Mfuko wa maharage wa kulazia lenzi, kilo mbili hivi, juu ya dirisha la gari unafaa zaidi, lakini injini izimwe. Droni bila kibali iache nyumbani.

Wanaopanda Meru wana zawadi yao. Kutoka kibanda cha Saddle (mita 3,570), kilele kidogo cha Meru Ndogo ni mwendo wa saa moja hivi. Nenda alasiri, Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, ikiwa na mwanga. Kileleni mwa Meru alfajiri, jua huchomoza karibu kabisa na Kibo mwanzoni mwa Mei na mwanzoni mwa Agosti. Chagua Agosti, Mei ni masika. Desemba jua huchomoza mbali upande wa kulia. Betri ya akiba ikae ndani ya koti, baridi huimaliza.