Maziwa Gani Ununue Mwanza Kama Laktosi Inakusumbua

Unakunywa kikombe cha maziwa asubuhi, na kabla ya saa nne tumbo limejaa gesi, linanguruma, na unauliza choo kiko wapi. Watu wazima wengi wa Mwanza wanaishi hivi miaka na miaka. Wengine wameacha kabisa kila chenye jina la maziwa, wengine wanaendelea kunywa na kuteseka kwa sababu nyumbani wanaambiwa ni kutozoea tu. Mwongozo huu ni kwa ajili yao. Nimepanga maziwa na mbadala wake kuanzia ninachokipa nafasi ya kwanza hadi ninachoshauri uache dukani. Nimeangalia mambo matatu: laktosi iliyomo, virutubisho unavyobaki navyo, na kama kitu chenyewe kinapatikana hapa bila kusumbuka.

Kwanza tuelewane kuhusu tatizo. Laktosi ni sukari ya maziwa. Utumbo mwembamba huivunja kwa kimeng'enya kiitwacho laktasi. Watoto wachanga karibu wote wanacho cha kutosha, lakini kwa watu wengi kinapungua kadiri wanavyokua. Laktosi isiyovunjwa huteremka hadi utumbo mpana, inavuta maji, na bakteria wa huko wanaichachusha na kutoa gesi. Hapo ndipo panatoka kujaa, msokoto na kuharisha. Karibu theluthi mbili ya watu duniani wako hivi ukubwani, kwa hiyo usijione mgonjwa wa ajabu.

Na usishangae kama mdogo wako wa tumbo moja anamaliza jagi zima na halimfanyi kitu. Uwezo wa kuendelea kutengeneza laktasi ukubwani unarithiwa. Mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na Sarah Tishkoff wa Marekani walichapisha kwamba baadhi ya watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, hasa wa jamii za wafugaji, wana mabadiliko ya vinasaba yanayowapa uwezo huo, tofauti na yale ya Wazungu. Watoto wa nyumba moja wanaweza kutofautiana. Kwa hiyo anayekwambia unadeka hajui anachosema.

Jambo moja la kutenganisha kabla hujafungua pochi: hili si mzio. Mzio wa maziwa unatokana na protini, na dalili zake ni kama upele, midomo kuvimba au pumzi kubana. Mwenye mzio asifuate nafasi ya kwanza, ya pili wala ya tatu hapa chini. Aende hospitali.

Nafasi ya kwanza: maziwa mgando

Hapa sina shaka hata kidogo. Maziwa mgando yanauzwa kila kona, kuanzia Igoma na Buhongwa hadi Kirumba, na kwa tumbo lisilo na laktasi ya kutosha ndiyo rafiki wa karibu zaidi. Bakteria wanaogandisha maziwa wanakula laktosi na kuigeuza kuwa asidi, ndiyo maana yanachachuka. Katika mtindi wa kawaida, robo hivi ya laktosi huwa imeshaondoka. Tena bakteria walio hai wanaingia nawe tumboni na kusaidia kuvunja iliyobaki. Wengi ambao glasi ya maziwa fresh inawalaza kitandani wanakula bakuli la mgando kwa ugali au viazi vitamu na siku inaendelea salama.

Ila si kila mgando unafaa. Ukifika kwa mama anayeuza kwenye ndoo, msalimie vizuri, mwangaluka mayu, halafu uliza swali moja kabla ya bei: maziwa haya yalichemshwa kabla ya kugandishwa? Kuchachuka peke yake hakuui vimelea vyote, na ugonjwa wa brusela unaweza kupita kwenye maziwa mabichi hata yakiwa yamegandishwa. Muuzaji anayechemsha atakujibu haraka na kukueleza anavyofanya. Akianza kuzunguka, shukuru uende kwa mwingine.

Kisha angalia chombo. Mgando mzuri umeshikana, mweupe wa krimu, na ukiinamisha kata unakatika vipande laini. Maji ya kijani kibichi hafifu yanayojitenga pembeni ni ya kawaida. Yakiwa mengi kupita kiasi na mgando wenyewe mwembamba, huenda maziwa yaliongezwa maji tangu mwanzo. Harufu iwe ya uchachu safi, isiwe ya uchungu wala ya uvundo. Onja: uliochachuka sana una laktosi pungufu kuliko ule mtamu wa jana jioni. Wateja wengi wanachagua ule usio mkali. Wewe chagua ule mkali.

Kuna hatua nyingine ambayo wachache wanaifanya. Laktosi huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo sehemu kubwa ya iliyobaki iko kwenye yale maji yanayojitenga. Mimina mgando kwenye kitambaa safi, uning'inize juu ya bakuli saa chache, maji yachuruzike. Utakachobaki nacho ni kizito, kinashiba, na kina laktosi kidogo kwa kila kijiko. Ukiweka chumvi kidogo na kitunguu kilichokatwakatwa, ni kitoweo kamili.

Mwenye nafasi agandishe mwenyewe. Nunua maziwa fresh, yachemshe, yaache yapoe hadi yawe vuguvugu, tia vijiko viwili vitatu vya mgando wa zamani kama mbegu, funika, weka sehemu isiyo na upepo. Kwa joto la Mwanza kesho yake yameshashika. Yaache siku nzima ndipo uyaweke kwenye friji, uchachu uongezeke.

Mtindi wa pakiti wa kampuni za ndani kama Tanga Fresh na Asas nao unaingia hapa, na una faida kwamba maziwa yake yamepitia kiwandani. Chukua ule wa kawaida, usiotiwa ladha. Zile yogati tamu za stroberi na vanila zinaongezewa sukari nyingi isiyokusaidia lolote. Angalia tarehe, alama ya TBS, na kama pakiti imevimba irudishe.

Nafasi ya pili: maziwa yaliyoondolewa laktosi

Haya ni maziwa ya ng'ombe yaliyotiwa laktasi kiwandani, laktosi ikavunjwa kabla hujainywa. Protini na kalsiamu viko vilevile. Yana utamu zaidi kidogo kwa sababu sukari zilizovunjwa ni tamu kuliko laktosi yenyewe, kwa hiyo punguza sukari kwenye chai. Kwa tumbo peke yake yangeshika namba moja. Nimeyashusha kwa sababu yanatoka nje, bei iko juu, na mara nyingi utayakuta supamaketi kubwa za mjini tu, leo yapo wiki ijayo hakuna. Kwenye boksi tafuta maneno "lactose free". Usidanganyike na boksi la maziwa ya muda mrefu au lililoandikwa kuwa mafuta yamepunguzwa: kuchemshwa kwa joto kali hakuondoi laktosi, na kupunguza mafuta hakuiondoi pia.

Nafasi ya tatu: maziwa fresh, kwa kipimo

Wengi watashangaa kuyaona hapa, lakini hesabu inaruhusu. Kikombe cha mililita 250 kina gramu 12 hivi za laktosi, na tafiti zimeonyesha kuwa watu wengi wenye tatizo hili wanavumilia kiasi hicho kwa mara moja bila shida au kwa shida ndogo, hasa wakinywa pamoja na chakula. Chai ya maziwa ya nusu kwa nusu ina gramu 6 tu kwa kikombe. Inywe na chapati au mihogo, usiinywe tumbo tupu, na usirudie vikombe vitatu mfululizo. Anza na robo kikombe cha maziwa kwa siku, ongeza taratibu, utajua mpaka wako uko wapi.

Ukinunua kwa wanaoleta kwa baiskeli na pikipiki kutoka vijijini, chemsha siku hiyohiyo hadi yafure. Kuchemsha kunaua vimelea, laktosi inabaki palepale. Maziwa ya mbuzi yana laktosi pungufu kidogo tu kuliko ya ng'ombe, hivyo usiyalipie zaidi ukidhani ni dawa.

Nafasi ya nne: maziwa ya soya

Hayana laktosi kabisa, na protini yake inakaribia ya maziwa ya ng'ombe. Kalsiamu ni ndogo isipokuwa imeongezwa kiwandani, na hilo utalisoma kwenye boksi. Ukitengeneza nyumbani, loweka soya usiku kucha, saga, chuja, kisha chemsha vizuri sana, maana soya mbichi ina vitu vinavyozuia mmeng'enyo wa protini. Usichanganye na ule unga wa soya iliyokaangwa unaouzwa badala ya kahawa. Ule ni kinywaji tu. Na unga wa uji wa lishe wenye soya usome pembeni, baadhi wanachanganya na maziwa ya unga.

Nafasi ya tano: tui la nazi na maziwa ya lozi

Tui ni zuri kwenye wali, maharage na samaki, tumbo halitalalamika. Ila kama mbadala wa maziwa lina mafuta mengi na protini na kalsiamu kidogo. Maziwa ya lozi ya boksi ni ghali, na sehemu kubwa yake ni maji. Nunua ukipenda ladha.

Vidonge vya laktasi

Unameza kidonge unapoanza kula, kinafanya kazi ya kimeng'enya ulichokosa kwa mlo huo. Vinafaa kwa harusi na safari. Sivipangi juu kwa sababu si kila duka la dawa linavyo, na ni matumizi ya kila mara kwa tatizo ambalo mgando unalitatua kwa bei ya kawaida. Ukiviulizia, mwambie mfamasia unataka laktasi, asije akakupa dawa ya gesi tu.

Vya kuacha dukani

Maziwa ya unga ndiyo yanayoumiza watu wengi bila wao kujua. Gramu 100 za unga wa maziwa yenye mafuta zina gramu 36 hadi 38 za laktosi, na ya bila mafuta yanafika 50. Anayejaza vijiko vinne vikubwa kwenye kikombe cha chai ili iwe nzito amekunywa laktosi ya kikombe kizima cha maziwa fresh, au zaidi. Maziwa mazito ya kopo na aiskrimu viko kundi hilohilo. Samli haina shida, laktosi yake ni kama hakuna, na siagi ina kidogo sana. Jibini ngumu iliyokomaa nayo inafaa.

Kalsiamu: nenda Mwaloni

Ukipunguza maziwa lazima ujaze pengo. Mtu mzima anahitaji miligramu 1,000 hivi za kalsiamu kwa siku, na kikombe cha maziwa hutoa 300. Hapa sisi wa ziwani tuna bahati kubwa, kwa sababu dagaa wanaliwa na mifupa yao, na gramu kwa gramu dagaa wakavu wanayazidi maziwa kwa mbali. Kwenye soko la Mwaloni, Kirumba, utawakuta wa kila aina. Chagua waliokaushwa juu ya chanja au nyavu, wanaong'aa rangi ya fedha, wakavu wasio na unyevu ukiwashika. Sugua wachache kiganjani: wa kuanikwa chini wataacha mchanga. Wakiwa wamegeuka njano na kunuka mafuta yaliyooza, waache. Wapike na vichwa vyao, kwa sababu kuvikata ni kutupa sehemu ya kalsiamu uliyolipia. Ongeza sukuma wiki na ufuta. Mchicha ni mboga nzuri, ila kalsiamu yake mwili haifyonzi vizuri.

Kabla ya kubadilisha manunuzi yote, jipime: acha maziwa kabisa wiki mbili, kisha rudisha kikombe kimoja uone. Tumbo likiendelea vilevile bila maziwa, tatizo liko kwingine. Kwa sisi tunaooga, kuvua au kufua ziwani, kichocho cha tumbo ni cha kuwaza mapema, nacho huleta maumivu, kuharisha na wakati mwingine damu kwenye choo. Kinapimwa kwa choo na kutibiwa kwa prazikwanteli. Vilevile kuharisha kwa muda mrefu kunaweza kuharibu laktasi kwa wiki kadhaa, kisha ikarudi yenyewe utumbo ukipona. Ukiona damu, homa, au unapungua uzito bila sababu, usisubiri hizo wiki mbili ziishe, nenda ukapimwe.