Jumamosi sita na ndoo yenye tundu: kozi ya modeli za maji hapa Kisumu

Nianze na pesa, maana ndilo swali ninaloulizwa na kila mtu tangu nirudi Ahero. Nililipa shilingi 12,000 kwa Jumamosi sita za kujifunza modeli, yaani hesabu za kompyuta zinazoigiza maji, saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana, chai na mandazi mawili ndani. Darasa liko ghorofa ya pili, juu ya duka la vipuri vya pikipiki, si mbali na soko la Kibuye. Mnafundishwa uvukizaji wa ziwa, yaani maji kugeuka mvuke, huku chini mtu anajaribu honi. Hata kama pesa yote ingekuwa ya Jumamosi tano za kwanza, nisingenung'unika. Ya sita tutaifikia.

Mimi si msomi wa mambo haya. Kwa miaka kumi na moja nimekuwa msoma kipimo kwenye mto Nyando: ule ubao wenye namba uliosimamishwa majini, unausoma asubuhi na jioni, unaandika kina daftarini, mwisho wa mwezi daftari linakwenda ofisini. Namba zikifika huko zinafanywa nini, sikuwahi kuambiwa. Nilisikia tu kwamba zinaingizwa kwenye kompyuta, na kompyuta inasema mafuriko yatafika kwa nani. Nikaona kompyuta hiyo lazima nionane nayo.

Tulikuwa watu kumi na saba. Wengi wanafunzi wa Maseno, maafisa wawili wa kaunti, kijana mmoja anayefuga samaki kwenye vizimba ziwani, na mimi mzee wao. Mwalimu ni binti wa rika la mtoto wangu wa pili. Kila Jumamosi kabla hajafungua mashine alinigeukia: "Mzee wa Mto, leo umesoma ngapi?" Nikamwambia, akaandika ubaoni, ndipo somo likaanza.

Siku ya kwanza hatukugusa kompyuta kwa saa mbili nzima. Alileta ndoo ya lita ishirini iliyotobolewa ubavuni, karibu na kitako, kwa msumari wa moto. Tukaijaza, tukaondoa kidole, kila nusu dakika mmoja akasoma rula na mwingine akaandika. Baadaye akatufungulia Excel: maji yaliyokuwepo, jumlisha yaliyoingia, toa yaliyotoka, ndiyo maji ya sasa. Nikajiambia, kumbe ni daftari la muuza omena! Iliyobaki jana, niliyonunua leo, niliyouza.

Tukakubaliana kwamba kina kikipungua nusu, na maji yanayotoka yapungue nusu. Ilisikika kuwa na akili. Lakini ndoo ya kwenye Excel ilikataa kuisha. Ilipungua, ikapungua, ikawa inatoa tone la milele, na ile ya sakafuni ilishaacha kutiririka zamani, tumeshapiga hata deki. Mwalimu akatuacha tubishane hadi chai. Baada ya chai akaeleza kwamba maji ya tundu hufuata kipeuo cha pili cha kina: kina kikibaki robo, mtiririko bado ni nusu. Tukabadilisha fomula, mistari miwili ikalaliana. Wale wa Maseno walikuwa wameisoma hiyo fizikia kidato cha nne au chuoni, sijui, lakini hakuna aliyeikumbuka hadi ndoo ilipowaumbua.

Jumamosi ya pili akatuambia turefushe hatua ya hesabu, badala ya nusu dakika iwe dakika kumi. Ndoo ikaonyesha lita hasi 14, na mstari uliofuata ukaandika kosa. "Ndoo inadaiwa," akasema yule wa vizimba. Sababu yake ni kwamba kompyuta inachukua kasi ya mwanzo wa hatua na kuamini itadumu hatua nzima. Ukiipa hatua ndefu, inaendelea kumwaga maji ambayo hayapo.

Ya tatu ilikuwa ya ziwa letu, na hapo nilijifunza jambo ambalo miaka yote hii kando ya mto sikulijua. Nilidhani Ziwa Victoria linajazwa na sisi, yaani Nyando, Nzoia, Sondu, Kagera na wenzao. Kumbe karibu asilimia 80 ya maji yake ni mvua inayoanguka juu ya ziwa lenyewe, na sehemu kubwa hurudi juu kwa jua. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 68,800, hivyo milimita moja tu ya mvua ni karibu mita za ujazo milioni 69. Ukikosea uvukizaji kidogo kwenye modeli, kosa lako ni kubwa kuliko mto mzima. Tuliweka mwezi mmoja kila mstari, tukajaribu kulipandisha ziwa kama lilivyopanda baada ya ile mvua ya 1961 ambayo baba yangu aliita mvua ya Uhuru. Lilipanda takriban mita mbili na nusu hadi 1964. Rekodi hiyo ilikuja kuvunjwa Mei 2020, na hiyo hatuhitaji kusimuliwa na wazee. Afisa mmoja wa kaunti akauliza kwa nini safu ya maji yanayotoka Jinja, Uganda, ziwa linapomwagikia mto Nile, haifuati fomula safi kama ya ndoo. Ni kwa sababu tangu 1954 pale kuna bwawa, na kwenye bwawa kuna watu wenye mkono juu ya mlango. Yalikuwepo makubaliano kwamba wafungulie kadiri mto ungetoa wenyewe bila bwawa. Ila makubaliano ni makubaliano.

Ya nne, ramani. Programu ni QGIS, ya bure, na miinuko ilipimwa kwa rada kutoka chombo cha anga Endeavour mwezi Februari 2000. Nchi imekatwa vipande vya mita 30 kwa 30, kila kipande na urefu wake. Kompyuta inaangalia majirani wanane wa kila kipande na kuyatuma maji kwenye mteremko mkali zaidi. Huko Nandi Hills ilifanya kazi vizuri sana. Iliposhuka uwanda wa Kano ikapotea. Ilimpeleka Nyando katikati ya mashamba ya mpunga, ikamvusha barabara mahali pasipo na daraja. Kwetu nchi ni tambarare, rada nayo huhesabu hata vilele vya miti, na mafuriko yakija nusu mita ndiyo tofauti ya kulala kwako na kulala darasani shule ya msingi. Dawa yake ni kuuchora mto kutoka picha ya setilaiti, halafu kuvishusha kwa nguvu vipande unavyopita. Nilicheka. Mto unachimbwa kwa amri.

Sasa ya tano. Mwalimu alileta namba za Nyando, namba zangu, tuzilinganishe na modeli. Kuna alama ya Nash na Sutcliffe, ya mwaka 1970. Ukipata 1 umelingana kabisa. Ukipata 0, hukufanya vizuri kuliko mtu ambaye angeandika wastani kila siku akaenda zake. Hasi, afadhali ungelala. Mchoro ulipotokea ukutani niliutambua kama mtu anavyotambua mwandiko wake. Katikati ya mvua za masika palikuwa na mstari ulionyooka, siku tisa, mita 1.86 asubuhi, mita 1.86 jioni. Darasa likaanza kutafuta sababu. Pengine wakulima wamefungua mifereji ya mpunga. Pengine kuna bwawa juu. Binti mmoja alikuwa tayari anaiongezea modeli hifadhi ya maji chini ya ardhi ili ilingane na ule mstari.

Nilinyoosha mkono. Nikasema siku hizo nilikuwa mazishini Ugenya, daftari nilimwachia kijana wangu, na kijana wangu hakukanyaga mtoni.

Walicheka wote isipokuwa mwalimu. Alizifuta siku tisa, akaendesha modeli upya, alama ikapanda. Kisha akaacha somo alilopanga na kunihoji saa nzima. Nikamwambia mvua hunyesha mchana huko juu Nandi na Tinderet, maji yakatufikia usiku, na mimi nasoma jioni na asubuhi. Kilele kinapita nimelala. Nakijua kwa tope lililobaki kwenye shina la mti. Akasema basi modeli ikitoa kilele kirefu kuliko daftari, huenda daftari ndilo fupi. Siku hizi nisipokuwepo naacha kistari, na alama ya tope napima kwa futi kamba.

Lalama zangu ni hizi. Jumamosi ya sita ilipotea. Walileta SWAT, programu ya Marekani ya kuigiza bonde zima la mto, udongo na mazao ndani, wakaibana katika saa tano. Ni kitu kizito, cha miezi. Tulibonyeza tulipoambiwa tubonyeze, rangi zikatokea, na ningeulizwa kwa nini, ningekosa jibu. Leptopu ya kuazima kwa mpwa wangu iliganda mara tatu. Tena suala la kubadili kina kuwa mtiririko lilipewa dakika chache tu, na hapo ndipo ningependa wakae. Mto wetu hubeba mchanga. Mafuriko yakipita, sakafu ya mto imehama, na mita mbili za mwaka huu si maji yale ya mita mbili za mwaka jana. Maelezo ya kuchapishwa yalikuwa Kiingereza kitupu, ingawa mwalimu mwenyewe alieleza kwa Kiswahili na akichoka akaingia Dholuo.

Nawapa nyota nne. Wanaanza kundi jipya shule zikifungwa. Ukienda, beba kebo ya kurefusha stima, soketi ni mbili tu, na ukae upande wa dirisha la nyuma, mbali na honi.