Siku mbili za kuvua trauti wakubwa kwa mashua, White River: uzoefu wangu

Februari iliyopita mimi na rafiki yangu tulikodi mashua pamoja na mpiga makasia kwa siku mbili kwenye White River, jimbo la Arkansas, chini ya bwawa la Bull Shoals. Nilikuwa namtaka trauti wa kahawia, samaki wa maji baridi, tena yule mzee, anayekula samaki wenzake na kuwapuuza wadudu. Miaka yote nimevua kwa nzi wa bandia, yaani ndoano iliyovishwa ifanane na chakula cha samaki, nikiwa nimesimama majini, kwa hiyo nilidhani mashua itanifikisha mbali zaidi, basi. Nilikosea, na ilinichukua siku nzima kulitambua kosa hilo.

Mto wenyewe unataka maelezo. Bwawa lilikamilika 1951, na maji yanayoachiliwa hutoka kilindini mwa ziwa, baridi mwaka mzima. Trauti si wenyeji wa huko. Walipandikizwa, wakastawi kwa sababu ya baridi hiyo. Bwawa lina mitambo 8 ya umeme. Ikizimwa, mto hupungua. Ikiwashwa mingi, maji hupanda haraka na aliyesimama majini yuko hatarini. Lakini mwisho wa majira ya baridi, maji hayo mengi ndiyo neema: samaki wadogo waitwao shadi hufa ziwani kwa baridi, hupitishwa na mitambo, na hutokea ng'ambo wakielea weupe. Trauti wakubwa huwasubiri. Ndiyo maana nzi wetu walikuwa weupe, warefu karibu kama kiganja.

Mashua za aina hii zilianzia mto McKenzie, Oregon. Chini ni bapa, hazina mkuku (ule uti wa chini ya chombo), na omo (mbele) na tezi (nyuma) zimeinuka, hivyo sehemu ya katikati ndiyo inayokaa majini na chombo hugeuka papo hapo. Mpiga makasia huketi katikati akitazama mto unakoelekea, na huvuta makasia kinyume cha mkondo. Kazi yake ni kuichelewesha mashua. Mvuvi wa omo husimama ameegemeza mapaja kwenye kizuizi, mikono yote miwili huru.

Mpiga makasia wa siku ya kwanza alikuwa mchangamfu na alijua samaki wanapokaa, lakini mashua ilimshinda. Mara tuko mita 20 kutoka ukingoni, mara 5. Kila nilipozoea urefu wa mshipi, umbali ulibadilika. Tena maji ya ukingoni huenda polepole kuliko ya katikati, na mashua isipozuiwa, humburuta nzi kabla hajazama. Alinipa pia mshipi wa kuelea, kwenye maji yale! Samaki mmoja tu alinifuata. Nilimwona akifungua kinywa, nikainua fimbo kama nilivyozoea kwa nzi wadogo, nikamnyang'anya nzi mdomoni.

Jioni nilieleza malalamiko yangu, na kesho yake nikapewa mtu mwingine, mkimya. Alinipa fimbo namba 7, nzito kiasi, yenye mshipi unaozama, akaniambia neno moja la maana: ukiona samaki, fimbo ibaki imemwelekea, vuta mshipi kwa mkono. Kisha akashika makasia. Kuanzia asubuhi ukingo ulikuwa mbali nasi kwa kipimo kilekile, saa baada ya saa, hata mkono wangu ukaacha kufikiri. Mimi nilirusha mbele kidogo, rafiki yangu kwenye tezi akarusha nyuma yangu, na mishipi haikugusana.

Alasiri tulikaribia mti ulioangukia majini. Aliisimamisha mashua kwa makasia tu, bila nanga, katikati ya mkondo ule, akasema, "Nyuma ya gogo." Nilirusha mara tatu. Mara ya tatu ubavu wa manjano uligeuka chini ya nzi. Nilivuta kwa mkono, na ndoano ikakaza. Samaki alikimbilia matawi, na hapo ndipo nilipoelewa nimelipia nini: mashua ilikuwa tayari inarudi katikati, ikimtoa mafichoni kabla sijasema lolote. Tulimtia wavuni kwenye maji yaliyotulia. Sentimita 66. Alipimwa ndani ya wavu, majini, mikono imeloweshwa, ndoano haina kijino cha kumng'ang'ania, akaenda zake. Nilitetemeka kwa muda mrefu.

Bega liliniuma siku mbili. Fimbo nzito na nzi mzito kutwa nzima si mchezo, na aliye kwenye tezi hupata maji yaliyokwisha guswa, hivyo badilishaneni nafasi. Kabla ya kulipa, uliza kwa jina nani atapiga makasia na amepita mto huo mara ngapi maji yakiwa mengi, kisha uliza kuhusu mshipi. Umri wa mashua usikusumbue; ile ya siku ya pili ndiyo iliyokuwa kuukuu.

Nimeshaweka nafasi kwa Februari ijayo, kwa mtu yuleyule. Safari hii rafiki yangu ataanza omo.